Lundo la Tatu

Hapo kale, lakini si kale sana, maana lami ya Msata hadi Bagamoyo ilikuwa imeshatandikwa na malori yameshaizoea, waliishi Bwana Nguchiro na mkewe huko Ubena Zomozi, kando ya barabara kuu ya Morogoro. Maisha yao hayakuwa na makuu. Mume alivizia nyoka vichakani nyuma ya vibanda vya mahindi ya kuchoma, mke aliwinda panya kwenye maghala, na jioni wote wawili walirudi wakakuta ugali umeshasongwa. Walikuwa na mtoto mmoja, Kichiro, na kwa jina lake wakaitana: Baba Kichiro, Mama Kichiro.

Humo ndani alikuwemo pia Bibi Nguchiro, mama mzazi wa mume. Ndiye aliyechota maji, akapika, akampeleka mjukuu shule na kumrudisha. Kwa kuwa aliyafanya hayo wenzake wakiwa kazini, kila mmoja wao aliamini kwamba mambo ya nyumbani hujifanya yenyewe, kama jua linavyokuchwa bila kusukumwa.

Basi juma moja zikaingia barua mbili. Ya kwanza ilitoka mashamba ya miwa ya Makurunge: nyoka na ndezi wamezidi, anahitajika mlinzi mwenye meno. Ya pili ilitoka soko la samaki la Kunduchi: panya wanamaliza dagaa, anahitajika msimamizi mwenye macho. Mume akachukua ya Makurunge, mke akachukua ya Kunduchi. Vigelegele vikapigwa, majirani wakaja kupongeza, na mmoja wao, ambaye siku zote alikuwa na tabia ya kuuliza, akauliza:

"Hongereni sana. Sasa mtalala wapi?"

Vigelegele vikakatika.

Msomaji anayeijua pwani hiyo keshaona tatizo. Makurunge iko kaskazini, ukishaupita mji wa Bagamoyo na kushika njia ya Msata. Kunduchi iko kusini, ndani ya Dar es Salaam. Katikati pamejipanga Kiromo, Kerege, Mapinga, Bunju, Boko na Tegeta, kila mahali na wenyeji wake, kodi zake na konda zake.

Bibi Nguchiro aliambiwa ajiandae kuhama. Akacheka. "Mimi kivuli changu kiko Ubena. Nendeni salama, mkishapata pa kukaa nitakuja kuwasalimia." Wanawe wakasikitika kidogo, wakaendelea kufunga mizigo. Hakuna aliyeuliza bibi akibaki, ni nini kingine kinachobaki naye.

Baba Kichiro, aliyejivunia kuwa mume mwenye haki, akatafuta kamba ya ukili. Akachora barabara mavumbini, akaweka jiwe Makurunge na jiwe Kunduchi, akaipima kamba, akaikunja mara mbili. Ncha ya mkunjo ikaangukia Kerege.

"Umeona, Mama Kichiro? Sitaki kukuonea, wala sitaki unionee. Nusu yako, nusu yangu."

Mama Kichiro akaitazama ile kamba. Ilikuwa imenyooka vizuri mno kwa barabara ya kwenda mjini. Lakini alikuwa na vyombo vya kufunga, akanyamaza.

Wakamtafuta dalali. Dalali wa ukanda mzima alikuwa Kunguru. Babu zake waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale taka za mjini. Walipofika wakagundua kwamba viota vya wenyeji vina faida kuliko taka, na tangu hapo ukoo wao umekuwa na mkono katika makazi ya wengine kuanzia Zanzibar hadi bara.

"Kabla ya yote," akasema Kunguru, "hela ya kuoneshwa nyumba. Hiyo hairudi, hata nyumba usipoipenda. Ukiipenda, kodi ya miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali."

Akawaonesha nyumba ya Kerege ya chumba na sebule.

"Kutoka lami ni dakika tano tu," akasema.

Kweli zilikuwa tano, kwa mabawa. Kwa miguu ya nguchiro palikuwa na mashamba mawili ya mihogo, korongo moja, na mbwa asiyefungwa.

"Mbona kodi kubwa hivi?" akauliza Mama Kichiro.

"Shemeji yangu, bandari inakuja Mbegani! Tangu 2013 imeshatiwa saini na Wachina. Meli zikianza kutia nanga, hapa patakuwa mjini. Mwenye nyumba anakufanyia hisani tu."

Mama Kichiro akageukia upande wa baharini. Hakuona meli, aliona ngalawa mbili na mvulana anayeokota chaza. Hata hivyo kodi ya bandari wakailipa, wakahamia.

Mapambazuko ya kwanza yakaonesha kamba ya ukili ilivyokuwa na elimu haba. Baba Kichiro alipofika barabarani, gari la kuelekea Bagamoyo lilikuja likiwa na viti vitupu, na konda, kijana wa ukoo wa Ngedere, akamwita kwa heshima zote: "Mzee shikamoo, panda mbele, kuna upepo." Barabara nyeupe. Akashuka mjini, akapanda jingine la njia ya Msata, akafika kwenye miwa mapema, akapata na chai.

Mama Kichiro alisimama upande wa pili wa lami hiyo hiyo. Koasta za Bagamoyo kwenda Makumbusho zilifika Kerege zikiwa zimeshiba, abiria wananing'inia mlangoni, na konda, ndugu wa yule yule, hakusema shikamoo, alisema, "Sogea, mama, subiri la nyuma." La nyuma nalo likasema subiri la nyuma. Alipopata pa kuweka mguu mmoja, gari likaenda vizuri hadi Bunju, likaanza kunyata Boko, na Tegeta likasimama kabisa, katikati ya malori ya saruji ya Wazo na mitambo ya wajenzi wa njia ya mwendokasi.

Kando ya barabara hiyo limelazwa bomba kubwa la maji kutoka mtambo wa Ruvu Chini, uliopo Bagamoyo, lenye kazi ya kuinywesha Dar es Salaam. Mtambo huo una uwezo wa kutoa lita milioni 270 kwa siku. Lita hizo hupita Kerege, hupita Bunju, hupita Tegeta, wala hakuna hata moja iliyoambiwa isubiri la nyuma. Mama Kichiro, uso ukiwa umebanwa kwenye kioo, aliliangalia bomba lile kwa wivu.

Jioni mambo yaligeuka, yakabaki vile vile. Watu wote wanaotoka mjini walikuwa njia moja na mke. Mume alikuwa njia moja na upepo. Alifika nyumbani jua lingali juu ya minazi. Kwa kuwa hapakuwa na mwenzake wa kuzungumza naye, alikwenda kijiweni kucheza bao. Popo walipotoka mikokoni ndipo mkewe alipofika. Akamkuta Kichiro kwa jirani, ndoo zimekauka, na mume amekaa kizingitini, uso wa mtu aliyedhulumiwa.

"Umechelewa, Mama Kichiro. Mtoto ana njaa."

"Nusu yangu ilikuwa ndefu," akajibu.

Maneno yakazidi, majirani wakaingilia, shauri likapelekwa baraza la wanyama. Baraza hilo hukaa Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa kale, chini ya ule mbuyu ambao wageni huambiwa wakiuzunguka wataongezewa umri. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kiboko wa Ruvu, kwa sababu siku ya kwanza alikaa kwenye nafasi ya mwenyekiti na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee.

Baba Kichiro akaeleza habari ya kamba. Mama Kichiro akaeleza habari ya Tegeta. Kisha wazee wakaanza kutoa busara, na mwamba ngoma huvutia kwake.

"Tatizo lenu ni saa," akasema Mzee Kiboko. "Mimi mchana nalala majini, usiku natoka kwenda malishoni, alfajiri nimeshazama tena. Sijawahi kukutana na foleni. Binti aondoke saa nane usiku."

"Na alale lini, mzee?" akauliza Mama Kichiro.

"Mchana."

"Mchana niko kazini."

"Basi hilo ni suala jingine, halikuletwa barazani."

Kaa wa mikokoni akainua gando. "Mimi sielewi kwa nini mtu anaifuata kazi. Nakaa mlangoni pangu, bahari inanijia mara mbili kila siku, ikiniletea riziki mpaka kizingitini. Waambieni matajiri wenu wafanye hivyo." Akapigiwa makofi na kaa wenzake, maana wote walizaliwa na viwanja ufukweni.

Bibi Kasa, aliyepanda kutoka Madete, huko Saadani, akazungumza taratibu. "Wanangu, mzigo wenu ni mtoto. Sisi kwetu jambo hili lilishatatuliwa. Unapanda ufukweni usiku, unachimba, unataga, unafukia, unaondoka. Atakayefika baharini amefika." Baraza likaona ni busara nzito, ila Kichiro alikuwepo, akaanza kulia, hoja ikaondolewa.

Lakini Bibi Kasa alikuwa na la ziada, maana kumbukumbu ya ukoo wake ni ndefu. "Msidhani ni ninyi wa kwanza. Wajerumani nao waliufanya mji huu makao makuu yao. Kukaa walikaa Bagamoyo, lakini bahari ya Bagamoyo ni ya kina kifupi. Meli zao kubwa zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwa mashua. Wakachoka. Mwaka 1891 wakahamishia serikali Dar es Salaam, penye kina. Kama dola nzima ilihama kwa kuchoshwa na safari ya kutoka merikebuni hadi ofisini, nguchiro wawili ni nani?"

Baraza likavutiwa. Mama Kichiro akauliza swali moja tu: "Bibi, hiyo mizigo ya mashua, nani alikuwa akiibeba majini hadi nchi kavu?"

Bibi Kasa akafikiri. "Wachukuzi."

"Na walipohesabu uchovu wa makao makuu, uchovu wa wachukuzi waliuweka upande gani?"

Hakuna aliyejibu. Mzee Kiboko akapiga miayo, ambayo katika baraza lile ilihesabiwa kuwa kufunga mjadala, akatoa hukumu: kwa kuwa njia ya mume ni nyeupe na njia ya mke ni ya foleni, nyumba isogezwe kwa mke. Wahamie Bunju. Mume ataongeza mwendo mweupe, mke atapunguza mwendo mweusi, na hiyo ndiyo haki.

Makofi yakapigwa. Hata Mama Kichiro alipiga. Kunguru alipiga kwa mabawa yote mawili, maana alikuwa amekaa juu ya mbuyu tangu asubuhi akisubiri hukumu, na mkono mmoja ulikuwa tayari kwa hela ya kuoneshwa.

Bunju wakapata nyumba. Kodi ilikuwa kubwa zaidi, kwa vile hapo ni Dar es Salaam na mwenye nyumba hakuhitaji bandari kuipandisha. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa raha. Mama Kichiro alifika Kunduchi mapema, akarudi mapema. Baba Kichiro alitembea masafa marefu, akajisifu kijiweni kwamba yeye ndiye mume aliyejitolea mhanga: anavuka mkoa kwenda na kurudi, yote kwa ajili ya mkewe. Wenzake wakamwangalia kwa kicho.

Kisha yakaanza maneno madogo.

"Mama Kichiro, kwa kuwa uko karibu, pitia sokoni."

"Mama Kichiro, kwa kuwa uko karibu, mpeleke mtoto shule ndipo uende."

"Kwa kuwa uko karibu, maji leo hayatoki, tafuta ndoo kwa jirani. Kwa kuwa uko karibu, mtoto ana homa, mpitishe zahanati. Kwa kuwa uko karibu, mwenye nyumba anataka kuonana nasi."

Kila saa iliyookolewa Tegeta ilikutwa na mwenyewe mlangoni, anaidai. Miezi mitatu haijaisha, Mama Kichiro akawa anaamka mapema kuliko alivyoamka Kerege na kulala baadaye. Alipolalamika, mumewe alishangaa kwa moyo safi kabisa.

"Lakini tulihama kwa ajili yako!"

Usiku ule Mama Kichiro hakugomba. Alitandika mkeka, akamwaga kikapu cha simbi alizookota ufukweni Kunduchi.

"Baba Kichiro, wewe ni bingwa wa kupima. Njoo tupime tena. Kila safari ya mtu wa nyumba hii, simbi moja."

Mume akafurahi, maana alijua atashinda. Akaweka lundo lake: safari zake za Makurunge za juma zima, kwenda na kurudi, na kwa kila gari alilobadilisha akaongeza simbi nyingine. Lilikuwa lundo la kuheshimika. Mke akaweka lake la Kunduchi. Lilikuwa dogo.

"Umeona mwenyewe," akasema mume.

"Nimeona. Bado lundo la tatu."

"La nani? Tuko wawili."

Akaanza kuweka. Kwenda bombani na kurudi. Kwenda bombani mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza foleni ilikuwa ndefu akawahi kazini. Kumpeleka Kichiro shule, kumfuata. Sokoni, dukani, kwenye mkaa. Zahanati mara mbili, kwa kuwa siku ya kwanza dawa haikuwepo. Kwa mwenye nyumba, kwa mwalimu, kwa fundi, kwenye msiba wa mtaa wa pili, maana asiyezika hatazikwa. Simbi zikajaa, zikaporomoka, zikaingia katika lundo la mume na kulifunika nusu.

Baba Kichiro akakodoa macho. "Hizo si safari. Hizo ni... za nyumbani."

"Zina miguu?"

"Zina."

"Zina jua?"

"Zina."

"Basi ni safari. Kasoro yake ni kwamba hazina kituo, hazina konda, na mwisho wa mwezi hazina mshahara. Ubena lundo hili lilikuwepo. Mama yako ndiye aliyelikalia. Tulipohama tulifunga vyombo vyote, yeye tukamwacha, tukakunja kamba mara mbili tukidhani tuna safari mbili. Pale Kaole nao wakaamua mambo ya malundo mawili, kwa sababu asiyekuwepo na lake halipo, na hili la tatu halikuitwa barazani."

Mume akakaa muda mrefu. Alikuwa mbishi, lakini hakuwa mjinga.

"Sasa unataka tuhamie wapi tena?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekumbuka miezi sita ya kodi.

"Hatuhami popote. Tumehama mara mbili, Kunguru amenenepa, lundo liko pale pale. Hata tukihamia juu ya soko la Kunduchi, utaniambia kwa kuwa uko karibu. Hata tukihamia katikati ya miwa yako, mimi nitasafiri na nikirudi nitachota. Safari hii kitakachohama ni lundo. Wewe barabara yako ni nyeupe. Unafika jua likiwa juu, unakwenda kwenye bao. Mtoto wa jioni ni wako, maji ya jioni ni yako, soko la jumamosi ni lako. La asubuhi nitabeba mimi."

Kesho yake jioni, Baba Kichiro alionekana bombani na ndoo mbili. Habari ikafika kijiweni kabla ndoo ya kwanza haijajaa. Wakasema amelishwa limbwata. Mzee mmoja wa Boko, bingwa wa dawa hizo, akathibitisha kwamba dalili ya limbwata la kisasa ni hiyo hasa: mwanamume anashika ndoo na wala halalamiki.

Lakini alilalamika. Alilalamika sana, na hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Miezi yote ile Mama Kichiro alipokuwa akichota, neno "simtanki" lilipotajwa jibu lilikuwa moja: hali ngumu, tusubiri, hiyo ni anasa. Juma la pili la Baba Kichiro kuchota, ikawa dharura ya taifa. Fedha zikapatikana, fundi akaitwa, mnara wa matofali ukajengwa, na tangi la lita elfu moja likapanda juu. Juma la tatu akagundua kwamba mwenzake wa kijiweni naye ana mtoto shule ile ile, wakapanga zamu ya kuwafuata. Juma la nne akagundua kwamba mbogamboga hupita mtaani asubuhi, si lazima mtu aende sokoni kila siku. Lundo ambalo kwa miaka lilikuwa halipunguki likaanza kupunguka, kwa sababu limempata mtu mwenye sauti ya kulipunguza.

Bibi Nguchiro alipokuja kuwasalimia kutoka Ubena, akaliona tangi, akamwona mwanawe na kapu la nyanya, akauliza mambo haya yametoka wapi. Akasimuliwa habari ya simbi. Akacheka hadi machozi. "Na mimi mnihesabie zangu za Ubena," akasema. Wakaanza kuhesabu, simbi zikawaishia.

Funzo la hekaya hii lilimfikia Kunguru pia, na yeye, kwa kuwa ni mfanyabiashara, akalitumia. Siku hizi mke na mume wakija kwake na kazi mbili za njia mbili, hawaulizi mnafanya kazi wapi wala mna bajeti gani. Anaanza kwa swali jipya, na hulitoza hela yake mbali na ile ya kuoneshwa nyumba: "Kwanza niambieni, nani kwenu atakayebeba lundo la tatu?" Wake huvuta kiti wakakaa vizuri. Waume wengi, wakishalisikia, hukumbuka ghafla kwamba kuna gari wanaliwahi.